Jibu la Mtaalamu: Kampuni Imejitolea Kutulipia Utafiti wa Bahari. Tuzikubali Fedha Zake?

"Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, katika kisiwa cha Pate, Lamu. Kwa misimu mitatu sasa samaki wamepungua, hasa changu na tafi, na akina mama wanaochokoa pweza wanasema miamba imekuwa mitupu. Tunataka utafiti ufanywe ili tujue kama tufunge sehemu fulani, tukataze nyavu za macho madogo, au kama kuna jambo jingine tusilolijua. Tuna akiba ya shilingi 380,000 iliyotokana na ushuru wa samaki. Baadhi ya wanachama wanasema fedha hizo zisiguswe kwa kuwa utafiti ni kazi ya serikali. Ipo pia kampuni inayotaka kujenga hoteli na gati karibu nasi, nayo imejitolea kuulipia utafiti wote na kumleta mtaalamu wake. Wazee wamekataa, wakisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Watafiti wamekuja hapa miaka mingi, wakauliza, wakapiga picha, wakaondoka na hatukuwaona tena. Tufanyeje?"

Wa alaykumu salaam, ndugu katibu. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa katika kitita kimoja, na huenda ndiyo sababu baraza lenu limekuwa likikutana na kuvunjika bila ya uamuzi. La kwanza ni la wajibu: nani anapaswa kuugharamia utafiti wa bahari ambayo ni mali ya umma. La pili ni la uaminifu: kama fedha za mwenye maslahi zinaweza kuzaa jibu la kweli. La tatu, ambalo umelitaja mwishoni kana kwamba ni manung'uniko tu, ni kwa nini tafiti zilizopita hazikuwaachia chochote. Mimi naliona hilo la tatu kuwa ndilo mzizi wa yote, lakini nitaanza na la pili kwa sababu kampuni inangoja jibu lenu.

Wazee wenu wana haki ya kuogopa, ila nadhani wanaitazamia hatari upande isikotokea. Watu wengi hudhani kwamba mtaalamu aliyelipwa na tajiri hujifungia usiku akabadilisha tarakimu. Katika miaka yangu ya kazi katika pwani hii, kuanzia Malindi hadi Kiunga, jambo hilo nimeliona kwa nadra sana. Nililoliona mara nyingi ni utafiti ambao kila tarakimu yake ni sahihi, lakini jibu lake lilikwisha kuamuliwa kabla ya chombo kutoka ufuoni. Anayelipa huchagua swali, huchagua wakati, huchagua mahali, na huchagua mwanzo wa kuhesabia. Baada ya hapo mtaalamu anaweza kuwa mwaminifu kama chuma cha mizani na bado akaandika ripoti isiyowafaa.

Chukua mfano wa wakati. Wewe ni mtu wa bahari na huhitaji kuambiwa tofauti ya misimu ya pepo, kaskazi na kusi, lakini aliyeketi Nairobi anahitaji. Mtaalamu akija kwa siku kumi mwezi wa Januari, bahari ikiwa shwari na hata vyombo vidogo vikivuka mwamba kwenda nje, atakuta ufuo umejaa samaki, naye ataandika kwamba uvuvi una afya. Akija mwezi wa Julai, kusi ikiwa imekaza na vyombo vingi vimepandishwa pwani, ataandika kwamba uvuvi umekufa. Kila kilo aliyoipima ilikuwa ya kweli mara zote mbili. Kwa pweza mambo ni mafupi zaidi ya hapo, kwani bamvua likianguka, yaani siku ambazo maji hupwa sana, akina mama huenda hadi ukingo wa mwamba, na katika maji mafu, yanapopwa kidogo tu, mwamba haufunuki vya kutosha hata mtu akanyage. Juma moja lililochaguliwa vibaya hutosha kubadili habari yote.

Mwanzo wa kuhesabia nao una hatari yake, na hapo Lamu imekwisha kupata somo lake. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Sitaingia katika yaliyofuata baada ya hukumu. Ninachotaka ukione ni kwamba hasara ya mvuvi ni tofauti kati ya alichokuwa akipata zamani na anachopata sasa, na ile "zamani" haiwezi kupimwa kwa kurudi nyuma. Mchanga ukishachimbwa na maji yakishachafuka, mtaalamu atakayekuja baadaye atayakuta maji machafu na kuyaandika kuwa ndiyo hali ya kawaida. Kwa hiyo, kama kuna hoteli na gati vinavyokuja, kila mwezi mnaokaa bila kumbukumbu ni mwezi wa "zamani" mnaoupoteza.

Na hapa niungame. Nilipokuwa bado kijana kazini niliajiriwa na kampuni moja kuchunguza hori lenye mikoko ambalo ilitaka kulitumia. Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja, kwa Kiingereza, nami niliusoma vizuri ukurasa wa malipo. Tulipovuta wavu mdogo chini ya mizizi ya mkoko wakati maji yakianza kujaa, ndoo ilijaa kamba wachanga wenye urefu wa ukucha na vichewa visivyozidi kidole, yaani lile hori lilikuwa kitalu. Niliandika hivyo, ripoti ikapokelewa, nikalipwa hadi senti ya mwisho. Kisha mzee mmoja wa kijiji, aliyekuwa ametuazima dau lake kwa siku zote tisa, akaniuliza tulipata nini. Sikuweza kumjibu, kwa kuwa kifungu kimoja nisichokizingatia kilisema habari zote ni mali ya mteja na hazitatolewa bila ya idhini yake kwa maandishi. Ripoti ile sijaiona tena hadi leo. Kwa hiyo unaponiandikia juu ya watafiti walioondoka wasirudi, ujue unamwandikia mmoja wao.

Ndiyo maana jibu langu la msingi ni hili: asili ya fedha ina uzito, lakini uzito mkubwa zaidi uko kwa aliyeshika swali, aliyeshika takwimu, na mwenye haki ya kuyasema matokeo mbele ya watu. Mambo hayo matatu yakiandikwa kwenu kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, hata fedha za kampuni zinaweza kufanya kazi halali. Yasipoandikwa, hata fedha zenu wenyewe zitapotea.

Sasa nirudi kwa wanaosema kwamba utafiti ni kazi ya serikali. Wana haki kwa nusu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe maliasili zinatumiwa kwa njia endelevu na kuwashirikisha wananchi katika kuzisimamia. Tunayo Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iliyoundwa mwaka 1979 na yenye makao yake Mombasa, na kwa upande wa misitu ipo KEFRI, yenye kituo chake Gede, karibu nami hapa Malindi. Sheria ya sayansi ya mwaka 2013, iliyoanzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti, ilikwenda mbali hadi kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa ndiyo itakayotengewa mfuko huo kila mwaka. Sote tunajua kwamba kiwango hicho hakijakaribiwa. Kwa hiyo taasisi hizi hufanya kazi kwa mipango yao na ya wafadhili wao, na swali la kijiji kimoja cha Pate linaweza kungoja foleni mpaka changu wa mwisho avuliwe.

Hata hivyo, kuna kitu cha serikali ambacho mnaweza kukipata bila ya kulipa, nacho ni takwimu zilizokwisha kukusanywa. Maafisa wa uvuvi wa kaunti huandika mapato ya samaki ya bandari ndogo nyingi, na watafiti wamepita Lamu kwa miongo kadhaa. Andikeni barua ya kuomba kila takwimu inayohusu ufuo wenu, mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Ni aibu kununua kwa 380,000 kitu ambacho tayari kipo katika kabati ya mtu.

Nieleze sasa kwa nini swali lenu ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu bila ya kulielewa hili hamtajua mnanunua nini. Kupungua kwa samaki ni kama homa, kwa maana ya kuwa ni dalili inayoshirikiwa na maradhi mengi. Inawezekana vyombo vimeongezeka. Inawezekana nyavu za macho madogo na majuya, yaani nyavu za kukokotwa, yanazoa samaki kabla hawajazaa. Inawezekana matumbawe yamekufa kwa joto, kama yalivyokufa mengi katika pwani yetu mwaka 1998. Inawezekana mikoko ya karibu imekatwa kupita kiasi, na hili si dogo kwenu, kwani takriban asilimia 61 ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, nayo ndiyo malezi ya samaki wengi. Inawezekana pia kwamba samaki wako palepale na kilichobadilika ni mafuta, bei na idadi ya siku mnazotoka.

Kipimo cha kwanza kinachoyatenganisha haya ni kuhesabu samaki pamoja na jasho lililotumika kuwapata. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwaka juzi vyombo kumi vilileta kilo 200 kwa siku, na mwaka huu vyombo ishirini vinaleta kilo 240. Afisa anayetazama jumla atasema uvuvi umekua. Lakini kila chombo kilikuwa kikipata kilo 20 na sasa kinapata 12, na nahodha anayerudi na 12 hahitaji mtaalamu amwambie kwamba hali imeharibika. Sasa ongeza urefu wa samaki. Kilo zikipungua huku wadogo wakizidi, mkono unaelekea kwenye nyavu. Kilo zikipungua huku samaki wakubwa na wadogo wakipungua pamoja, na hasa upande mmoja wa kisiwa tu, basi tafuteni kitu kilichotokea mahali hapo.

Kazi hiyo haihitaji daktari wa falsafa kila siku. Hapa Malindi nilimwona kijana mmoja akiifanya karibu na mahali vyombo vinapotia nanga: mizani ya kuning'iniza imefungwa kwenye mlingoti mfupi, daftari limetiwa ndani ya mfuko wa nailoni, kalamu ya risasi kwa sababu wino huyeyuka kwa maji ya chumvi. Samaki alikuwa akiwalaza juu ya ubao wenye mistari. Pweza hakuwapima urefu, kwani pweza huvutika na kila mpimaji angepata urefu wake, bali aliwapima uzito mmoja mmoja. Kisha akamuuliza mama aliyewaleta: ulitoka saa ngapi, ulirudi saa ngapi, mlikuwa wangapi, mlikwenda mwamba upi? Maswali manne, chini ya dakika tatu, na mama akaenda zake sokoni. Daftari lile baada ya mwaka mmoja lina thamani kuliko ripoti nyingi zenye jalada la rangi.

Kwa hiyo akiba yenu ya 380,000 si ndogo kama mnavyoidhania, mradi msimpe mtu mmoja aitumie kwa majuma mawili. Nipige hesabu ya mfano, nawe uibadilishe kwa bei za kwenu. Vijana wawili wa kijijini wanaolipwa shilingi 500 kwa siku, siku 12 kila mwezi zikigawanywa kati ya bamvua na maji mafu, kwa miezi 12, ni shilingi 144,000. Mizani, mbao za kupimia na madaftari tuweke 20,000. Mtaalamu aje mara nne kwa mwaka, kaskazi, kusi na katika vipindi viwili vya kubadilika kwa pepo, siku tatu kila safari, kwa malipo ya 10,000 kwa siku, ni 120,000, na nauli na chakula chake 40,000. Jumla ni 324,000, na zinabaki 56,000 za baraza la kuyarudisha matokeo na za dharura. Wapo wataalamu watakaocheka malipo ya 10,000, na wapo watakaoyakubali kwa sababu takwimu za mwaka mzima ni hazina kwao pia. Kama hamkumpata, mwendeeni mwanafunzi wa shahada ya pili kutoka Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwanafunzi ni nafuu na ana bidii, ila anafuata kalenda ya chuo chake, na msimamizi wake anaweza kuligeuza swali lenu lifanane na tasnifu. Muandikieni msimamizi kabla ya kumkubali mwanafunzi.

Ruzuku za nje zipo, nami sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: huchelewa, zina makaratasi mengi, na nyingi hupenda kulipia vitendo kuliko maswali. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira Duniani, unaoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu mwaka 1992, huwapa vikundi vya jamii moja kwa moja, na kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa dola 50,000. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, yenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku za utafiti kwa ushindani, lakini huko anayeomba ni mtafiti, nanyi mtaingia kama washirika. Mradi wa KEMFSED, ulioanza mwaka 2020 kwa fedha za Benki ya Dunia katika kaunti zetu za pwani, umegharamia miradi ya jamii, na ofisi ya uvuvi ya kaunti ndiyo itakayowaambia ni mfuko upi ungali unapokea maombi. Popote mtakapoomba, wataulizia cheti cha usajili, akaunti ya benki na hesabu zilizokaguliwa, kwa hiyo anzeni na hizo.

Nimewasikia pia wanaosema kwamba biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na miti, italipia kila kitu, wakitoa mfano wa Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale. Mfano ni mzuri: tangu mwaka 2013 watu wa pale wanauza kaboni ya hekta 117 za mikoko, na fedha zimeingia katika maji na shule. Lakini wasimuliaji huruka mwanzo wa hadithi. Mikoko ya Gazi ilikuwa imekwisha kupandwa na kupimwa na watafiti tangu miaka ya 1990, kwa fedha za watu wengine, kabla ya tani ya kwanza kuuzwa. Kaboni inaweza kulipia ufuatiliaji wa baadaye, ila utafiti wa kwanza hulipiwa na mtu asiyengoja faida.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaihesabu kuwa utafiti, nayo ni kufunga kwa kupima. Pweza wa kwetu hukua upesi na huishi takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tu, kwa hiyo mwamba ukipumzishwa kwa miezi michache tofauti huonekana kwa macho. Huko Andavadoaka, Madagascar, wanakijiji na watafiti walianza hivyo mwaka 2004, na mtindo huo umeenea hadi kisiwani kwenu, ambako baadhi ya vijiji vimekwisha kuufuata. Chagueni miamba miwili inayofanana, mmoja ufungwe, mwingine uendelee, na daftari liandike pande zote mbili kabla ya kufunga, siku ya kufungua na majuma yanayofuata. Gharama kubwa hapo ni subira ya akina mama wanaoukosa mwamba ule, na kama hawakukubaliana nalo wao wenyewe, msifunge. Nawaonya pia dhidi ya siku ya kufungua, ambapo kijiji chote huingia na kwa bamvua moja humaliza kilicholelewa kwa miezi. Njia hii itawajibu kuhusu pweza. Kuhusu changu na tafi haitawajibu, kwa kuwa hao huhama, na changu hukua polepole.

Sasa kampuni. Kwanza, tenganisheni mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, wakati mwingine kwa makusudi. Kampuni inayotaka kujenga gati inalazimika kisheria kufanya tathmini ya athari kwa mazingira kwa gharama zake, kupitia wataalamu waliosajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Hiyo si zawadi kwenu, wala si utafiti mnaoutaka, kwa sababu inauliza kama mradi wao ujengwe, ilhali ninyi mnauliza namna ya kuusimamia uvuvi wenu. Msikubali moja iitwe nyingine. Tena muwe waangalifu na orodha za mahudhurio. Mwezi wa Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe hapo Lamu, na sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo kila mwekezaji anajua thamani ya karatasi yenye saini za wanakijiji. Saini ya kupokea soda na biskuti katika mkutano wa utafiti isije ikageuka kuwa ushahidi kwamba mliafiki gati. Andikeni juu ya kila karatasi, kwa mkono kama ni lazima, kikao kilihusu nini.

Baada ya hayo, kama bado kampuni inataka kusaidia, fedha zake zipite mkono wa tatu. Ziwekwe katika akaunti ya chuo au taasisi, mtafiti achaguliwe na kamati yenye wajumbe wenu, afisa wa kaunti na mwanasayansi asiye na deni kwa yeyote, na mkataba wa mtafiti uwe na taasisi hiyo. Kampuni iwe na haki ya kuisoma rasimu na kutoa maoni ndani ya muda uliotajwa, tuseme siku 30, lakini isiwe na haki ya kuizuia. Ukiwaandikia hivyo na wakakubali, mmepata mfadhili. Wakikataa, wamekwisha kulijibu swali la wazee, na bure.

Katika mkataba wowote, hata na mwanafunzi, yatakeni haya kwa Kiswahili. Swali la utafiti liandikwe kwa maneno yenu, pamoja na uamuzi utakaofuata: kama jibu ni hili tutafunga, kama ni lile tutakataza wavu fulani. Utafiti usiojua uamuzi unaoutumikia huishia kabatini. Nakala ya takwimu ghafi ibaki kwenu. Malipo yagawanywe, sehemu wakati wa kuanza, sehemu takwimu zikikabidhiwa, na sehemu nono, si chini ya theluthi, ibaki mpaka mtafiti atakaposimama barazani na kueleza alichokipata, kiwe kitamu au kichungu. Malipo yasifungamane kamwe na aina ya jibu. Mtaalamu aonyeshe kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambacho sheria ileile ya 2013 inamtaka kila mtafiti awe nacho, awe mgeni au mwenyeji.

Na kuna kifungu kimoja ambacho sikioni katika mikataba mingi: siri ya vilindi. Mnajua mahali chewa wanapokusanyika kuzaa. Mtafiti akiichapisha ramani yenye vipimo kamili vya setilaiti, atakuwa amempa kila mwenye mashine kubwa na kifaa cha kusomea ramani urithi wa mababu zenu, na mkusanyiko wa chewa ukivamiwa misimu michache unaweza usirudi tena. Mahali hapo patajwe katika ripoti kwa ujumla tu, na ramani kamili ibaki kwa BMU na idara ya uvuvi. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ya mwaka 2016 inawapa mahali pa kusimama mkilidai hilo.

Yapo mambo ambayo barua kama hii haitoshi. Kama kampuni imekwisha kupeleka maombi NEMA, au vifaa vimeanza kushushwa, msingoje utafiti: muoneni wakili anayejua sheria za mazingira na mwende ofisi ya NEMA ya kaunti mkiwa na barua, kwani muda wa kutoa pingamizi huhesabiwa kwa siku. Mkiona samaki wengi wamekufa ghafla, hilo nalo ni jambo la saa. Mpigieni afisa wa uvuvi siku hiyohiyo, chukueni waliokufa punde muwaweke katika barafu, na andikeni mahali, saa na hali ya maji. Na kama ugomvi wa 380,000 umefika mahali ambapo watu hawasalimiani, mwiteni mkaguzi wa vyama au afisa wa kaunti aje kufungua vitabu mbele ya wanachama wote kabla hamjazungumza habari ya utafiti. Kwa mengine, leteni rasimu ya mkataba wowote KMFRI Mombasa au kwa mtu kama mimi hapa Malindi, tuisome pamoja kifungu kwa kifungu, kabla ya saini na si baada yake.

Lakini daftari halingojei mkataba. Lipigieni mistari leo: tarehe, bamvua au maji mafu, upepo, chombo, watu wangapi, zana gani, saa ya kutoka, saa ya kurudi, mwamba au kilindi (kwa jina lenu la siri mkipenda), kilo za kila aina, na urefu wa samaki kumi wa kwanza wanaotolewa bila ya kuchaguliwa. Muandishi awe mtu ambaye wachuuzi hawamwogopi, na siku ambayo hakuna chombo kilichotoka iandikwe pia, kwa sifuri.